Maji Yanayoizunguka Figo ya Paka

Paka mzee akivimba tumbo huku mwili ukikonda, wengi hudhani ni minyoo, au mimba kama ni jike. Ukimbonyeza halii. Kwenye altrasaundi jibu huonekana mara moja: figo imezungukwa na maji, na maji yamefungwa na utando mwembamba.

Maji hayo hayamo ndani ya nyama ya figo, kama yalivyo kwa paka wa Kiajemi wanaorithi vivimbe kwa hitilafu ya jeni ya PKD1. Hujikusanya kati ya figo na ganda lake. Utando wenyewe hauna tabaka la seli za kutoa maji. Kwa kawaida maji huchujuka kutoka kwenye figo iliyokwisha kuharibika. Ndiyo maana sindano haimalizi kazi. Ukiyafyonza, paka hupata nafuu, lakini baada ya siku au majuma mfuko hujaa tena.

Madaktari wa upasuaji wakaacha kupigana na maji, wakayafungulia njia. Paka hupewa nusukaputi, tumbo hupasuliwa katikati, kisha utando hukatwa wote isipokuwa ukanda mdogo karibu na pale mishipa ya damu na mrija wa mkojo inapokutana na figo. Hapo mkasi ukiteleza, figo imekwenda. Maji yanayoendelea kutoka huingia tumboni, ambako hunyonywa na kurudi kwenye damu. Figo yenyewe haing'olewi, nami nauona huo kuwa uamuzi bora kuliko yote: wengi wa paka hawa wana ugonjwa sugu wa figo, na hata kipande kidogo kinachofanya kazi kinahitajika.

Mwaka 2000 jarida la madaktari wa mifugo la Australia lilichapisha uchambuzi wa paka 26 wa aina hii. Umri uliobaki ulitegemea zaidi hali ya figo siku ya kugunduliwa.

Kwa mwenye paka wa aina hii huko Kongo, kutoka Base ya Kamina hadi Lubumbashi, kwenye kitivo cha udaktari wa mifugo cha chuo kikuu, ni safari ndefu ya treni. Kabla ya kumsafirisha paka, mwombe daktari apime kreatinini, yaani taka ambayo figo huitoa kwenye mkojo, ya damu na ya maji yaliyofyonzwa. Ya maji ikiizidi sana ile ya damu, huo ni mkojo uliovuja. Ya damu ikiwa imepanda mno, msimpasue. Mfyonzeni maji kila yanapomlemea.