Mng'aro na Kutu: Uhakiki wa Maonyesho ya Silaha za Kale

Msomaji, huenda ukastaajabu kusikia kwamba bunduki isiyolia kwa zaidi ya miaka mia moja huweza kushindania medali. Lakini ndivyo mambo yalivyo huko Marekani. Katika mji wa Tulsa, jimbo la Oklahoma, hufanyika mara mbili kwa mwaka maonyesho ya silaha yenye meza zaidi ya 4,000. Huko, na katika miji mingine mingi, watu huleta silaha za kale, na sheria ya nchi hiyo ya mwaka 1968 huihesabu kuwa ya kale bunduki iliyoundwa mwaka 1898 au kabla yake. Baadhi yao huja kuuza na kununua. Wengine hawauzi kitu. Hutandika kitambaa mezani, hupanga bunduki na bastola zao, huandika maelezo, kisha hungojea hukumu ya waamuzi.

Hukumu hiyo si nyepesi, kwa maana wakusanyaji wenyewe hawapatani juu ya kitu kiitwacho ubora. Kwa ufupi wamegawanyika katika makundi matatu.

Kundi la kwanza hupenda silaha iliyo kama ilivyotoka kiwandani. Watu hawa huchungulia rangi ya buluu ya chuma na mng'aro wa mti wa kitako, na mkwaruzo mmoja huwasononesha. Kundi la pili hupenda nakshi na uadimu. Kampuni ya Winchester iliunda bunduki zaidi ya 700,000 za aina ya 1873, lakini ilichagua chache ambazo mitutu yake ilipiga kwa shabaha kuliko nyingine, ikazipamba na kuziita Moja Katika Elfu. Za aina hiyo hazikufika 150. Mwaka 1950, filamu iliyohusu bunduki hiyo ilipotolewa, wenye filamu walitangaza kuwatafuta waliokuwa nazo, na tangu hapo hamu ya wakusanyaji ikazidi kuwaka. Kundi la tatu halijali mng'aro wala nakshi, bali hutaka kujua silaha ilishikwa na nani, na ilifanya nini. Mwaka 2021, katika mnada wa Los Angeles, bastola ya Colt isiyo na pambo lolote iliuzwa kwa zaidi ya dola milioni 6, kwa sababu ndiyo Pat Garrett aliyomwulia Billy the Kid mwaka 1881.

Je, tulifuate kundi gani? Wahenga wetu walisema kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hiyo ni ya kweli sokoni, lakini maonyesho si soko tu. Mtu anayepanga meza na kuiandikia maelezo amejitwika kazi ya mwalimu, na mwalimu hupimwa kwa alichofundisha.

Tukilipima hivyo kundi la kwanza, tutaliona lina haki yake. Bunduki isiyoguswa hutuonyesha mkono wa fundi kama ulivyokuwa, na mtu anayeisugua silaha ya kale ili ing'ae upya huifuta historia kwa kitambaa. Hata hivyo, bunduki iliyokaa sandukuni tangu iundwe ni kama shahidi ambaye hakuwapo siku ya tukio. Kundi la pili nalo hutufundisha sanaa na ustadi, ila mara nyingi huishia kwenye bei. Kundi la tatu lingeweza kutufundisha zaidi, lakini lina hatari yake, kwani hadithi ni rahisi kutunga kuliko mtutu. Msumari wa shaba unaweza kupigiliwa leo katika kitako cha kale, ili mnunuzi asadiki kwamba bunduki ilikuwa ya shujaa wa kabila fulani. Kwa hiyo hadithi isiyo na hati wala ushahidi haistahili medali.

Ushahidi wenyewe hupatikana wapi? Sikiliza mfano huu. Tarehe 25 Juni 1876, katika bonde la Little Bighorn, jimbo la Montana, wapiganaji wa Lakota na Cheyenne waliliangamiza kundi la askari lililoongozwa na Custer. Mwaka 1983 moto uliteketeza nyasi za uwanja huo, na mwaka uliofuata wataalamu wa mambo ya kale waliupekua kwa vyombo vya kutambua madini. Walifukua maganda ya risasi yaliyoliwa na kutu. Kwa kuwa kila bunduki huacha alama yake juu ya ganda, waliweza kutambua maganda yaliyotoka katika bunduki moja, na kumfuata mpigaji wake kutoka mahali hadi mahali. Ikadhihirika kwamba wenyeji walikuwa na bunduki za kupiga mfululizo za Henry na Winchester, hali askari walikuwa na bunduki fupi za risasi moja moja.

Zingatia jambo hilo vema. Winchester ya 1873 husifiwa mpaka leo kuwa bunduki iliyoitwaa Magharibi. Lakini anayetwaa ana aliyenyang'anywa, na sifa hiyo haimtaji. Tena haisemi kwamba Winchester zilikuwa pia mikononi mwa watu waliokuwa wakiitetea nchi yao. Maganda yale yenye kutu yalisahihisha uongo ambao chuma king'aacho kilikuwa kimeunyamazia.

Hapa ndipo ninapoyalaumu maonyesho mengi. Maelezo ya mezani hutaja mwaka, namba, fundi na idadi, na yote hayo ni mema. Lakini ni nadra kumtaja mtu aliyesimama mbele ya mtutu. Yupo atakayejibu kwamba nakshi ni nakshi, na kwamba sanaa haina hatia. Namkubalia nusu. Mkono wa fundi una heshima yake, lakini fundi huyu hakuchonga kijiko. Alichonga chombo cha kuulia, naye alilijua hilo. Meza inayoficha habari hiyo ina pengo, hata ikiwa imesheheni dhahabu. Ningekuwa mwamuzi, medali ningeipa meza yenye bunduki moja iliyochakaa, ikiwa maelezo yake yanathibitisha ilikotoka, iliyemtumikia na iliyemdhuru.

Wewe nawe, msomaji, unaweza kuwa mwamuzi bila kusafiri hadi Tulsa. Lugha yetu yenyewe imehifadhi majina ya gobori na gumegume, na mizinga ingali ikitazama bahari katika Ngome ya Yesu, Mombasa. Utakapofika mbele ya silaha ya kale, usitosheke na kuuliza bei yake wala umri wake. Uliza ilielekezwa kwa nani, kisha usome maelezo yaliyobandikwa uone kama yanakujibu. Yasipokujibu, mwulize mwenye kuitunza.