Tundu la Milimita 26

Mliitazama filamu ile ya kutia fundo jipya la singa katika mpini mkongwe wa Ever-Ready, burashi ya kunyolea iliyotengenezwa Marekani zamani za babu zetu, nanyi bila shaka mliona jinsi fundi alivyozikata singa zilizochakaa sawasawa na mdomo wa mpini, akakitoboa katikati kizibo cha gundi ya kale, na kukidondoa kidogo kidogo pasipo kuukwaruza ukingo. Ilikuwa kazi ya stadi. Kisha, tundu likiwa safi na mpini ukiwa mzima, akatia biti ya milimita 26 katika keekee, na kitu kilichostahimili maji ya moto na mikono ya wanaume kwa umri mzima wa mtu kikatiwa ila katika muda usiofika dakika mbili.

Tuvirejee vipimo, maana yeye alivipita mbio. Mdomo wa mpini ulikuwa na upana wa milimita 30, na tundu la asili milimita 20, yaani ukuta wa milimita 5 pande zote. Alipokwisha kutoboa, ukuta ulisalia milimita 2. Na mpini wenyewe ni wa Katalini, kitu kilichomiminwa kalibuni kikiwa kitupu, bila ya ule unga wa mti unaotiwa katika Bakelaiti kuipa nguvu, na kwa ajili hiyo kina nuru na rangi ambazo Bakelaiti haikujaaliwa, walakini ni chepesi kupasuka, na umri hukizidishia wepesi huo. Mliona chenga za manjano zilivyoruka vipande vipande badala ya kujiviringa. Na aliyewahi kukitoboa anaijua ile harufu ya karboliki inayopanda puani. Si kitu kinachojua kupinda. Sasa mwenye burashi hiyo ataikandamiza shavuni kila asubuhi, na kila akiikandamiza fundo litausukuma ukingo mfano wa mtaimbo, ilhali moto wa maji na baridi ya chumba vinautanua na kuukaza ukuta ule ule uliokondeshwa. Ufa hautakuja leo. Utakuja, nao utaanzia mdomoni.

Sababu aliyoitoa, kwamba fundo la milimita 20 halitoi povu la kutosha, ni hoja ya wauza mafundo, nami nimeipinga katika safu hii mpaka baadhi yenu mmenichoka. Povu hutokana na sabuni, maji na mkono; fundo nene hunywa maji mengi, hula sabuni nyingi, na aghalabu hulizuia povu hilo tumboni mwake badala ya kulitoa usoni. Wapenzi wa unene hupenda kunitajia Simpson Chubby ya Waingereza kana kwamba imenikata kauli, kumbe ndiyo shahidi wangu: mpini wa Chubby ulikerezwa mnene tangu mwanzo, shingo na kiuno, kwa ajili ya fundo nene, wala mkerezaji wake hakuhitaji kuuibia mpini ukuta ili apate nafasi ya singa. Na wale watengenezaji wa burashi za Rubberset wa Newark, waliozishika singa kwa mpira uliopikwa hata ukawa mgumu, wametuachia burashi ambazo baadhi yake zingali na singa zake za asili hadi leo, pasi na hata mmoja wao kuota milimita 26.

Kosa hilo la kulipanua tundu lilizaa jingine. Kitako cha fundo lake jipya kilihitaji kina zaidi kuliko tundu lilivyokuwa, naye, kwa kuogopa (safari hii kwa haki) kuzidi kuuchimba mpini, aliliacha fundo liketi juu, hata ule mvimbo wa gundi unaopanda baina ya singa ukachungulia nje ya ukingo. Mvimbo huo hauna budi kuzama chini ya mdomo, kwa kuwa pale gundi inapoishia ndipo singa zinapokatikia. Kimo kikawa kirefu kupita kiasi, na burashi, pamoja na unene wake wote, ikalala ilipoguswa na kiganja. Kila mtu aliliona hilo ila yeye.

Mafundo ya 20 yanauzwa, ya singa za yule mnyama wa Uchina aliye jamaa ya nyegere, na ya nyuzi za kiwandani kwa yeyote asiyetaka shaka ya singa za nguruwe. Angalichukua moja, akaliketisha bila gundi kwanza apime kimo, akatia kipande cha mbao chini yake endapo lingezama mno, na keekee ingaliweza kurudi sandukuni.

Gundi aliichanganya vizuri, ile ya epoksi isiyo na haraka, akaiacha ikauke usiku kucha. Alipofikia kung'arisha, msasa wake ulifuta nusu ya herufi zilizochapwa mpinini kutangaza kuwa singa zimetakaswa, tangazo lililoenea Marekani baada ya kimeta kuwaingia watu kwa njia ya burashi za singa za farasi wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Hilo nalo nimekwisha kulilalamikia, katika mipini mingine na kwa mafundi wengine.