Ladha ya Kijijini katika Sufuria ya Shule

Magimbi huwasha mikono. Kila anayeyamenya mabichi analijua hilo, awe Rungwe, Tanzania, au awe Yamagata, kaskazini mwa kisiwa cha Honshu nchini Japani. Huko Yamagata, majira ya vuli yakiingia, watu hushuka kando ya mto na kupika imoni: mchuzi wa magimbi madogo, nyama ya ng'ombe, vitunguu vya majani na vipande vya konnyaku, jeli ngumu ya kiazi, vinavyoteleza mdomoni. Chakula hicho hupikwa pia shuleni, na hapo ndipo ninapovua kofia. Gimbi likipitiliza linapasuka na mchuzi unageuka uji. Lisipoiva, mtoto analiacha kwenye bakuli. Nyumbani mama anaonja sufuria moja. Mpishi wa shule anasimama mbele ya dishi kubwa la chuma, anakoroga kwa mwiko wenye urefu wa kasia, na mamia ya watoto wanamsubiri ifikapo saa sita mchana. Huo ni ufundi, tena ufundi mkubwa.

Wazee wa Kijapani wakikumbuka chakula cha shule, wengi hutaja mkate. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia nchi ilikuwa na njaa. Misaada ya mashirika ya Marekani, yakiwemo maziwa ya unga, ilianza kufika mwaka 1946, na sheria ya chakula cha shule ikapitishwa mwaka 1954. Basi watoto wa nchi ya wali wakakulia kwenye mkate mrefu uitwao koppepan, maziwa ya unga ambayo wengi waliyachukia, na nyama ya nyangumi iliyokaangwa. Wali uliingizwa rasmi mwaka 1976. Ninawaelewa wanaoutamani mkate ule, maana utoto hauchagui ladha ya kukumbuka. Moyo wangu, hata hivyo, uko kwa vyakula vya vijijini vilivyopata nafasi kwenye sinia la shule.

Vingi ni vyakula vya shida. Pwani ya mashariki ya Tohoku, eneo la kaskazini mwa Honshu, hupigwa na upepo baridi wa kiangazi uitwao yamase, nao ukivuma sana mpunga hauzai. Wakulima wa huko walijifunza kutegemea ngano na nafaka nyingine zinazovumilia baridi. Ndiyo asili ya hittsumi ya mkoa wa Iwate, donge la unga wa ngano linalonyofolewa kwa vidole, likatandazwa jembamba na kutupwa kwenye mchuzi wa mboga. Jirani yao wa Hachinohe, mkoani Aomori, huvunja biskuti kavu za ngano ndani ya mchuzi wa kuku. Kusini zaidi, mkoani Yamanashi, milimani ambako mashamba ya mpunga ni haba, kuna hoto: tambi pana zinazochemshwa pamoja na boga mpaka mchuzi unakuwa mzito. Hebu fikiria kunyofoa hittsumi ya shule nzima kwa mkono, asubuhi moja, na kila kipande kiive sawa na mwenzake.

Kuna mtihani mwingine usioonekana kwa macho. Vyakula vya kaskazini vilikuwa na chumvi nyingi, kwa sababu chumvi ndiyo iliyohifadhi mboga na samaki wakati wa theluji. Shuleni chumvi ina kikomo kilichowekwa kwa ajili ya afya ya watoto. Mpishi anatakiwa apunguze chumvi, na bado mjukuu aonje alichoonja bibi yake. Anaijenga ladha kwenye supu ya mwanzo: dagaa waliochemshwa na kukaushwa, mwani wa kombu, vipande vyembamba vya samaki wa jamii ya jodari aliyekaushwa kwa moshi. Supu ikikolea, miso kidogo, yaani rojo la soya lililochachushwa, inatosha. Hakuna njia ya mkato hapo, na ninaamini ulimi wa mtoto unaitambua juhudi hiyo hata asipoweza kuieleza.

Kisha kuna mtihani wa usalama. Mwaka 1996, mjini Sakai, maelfu ya watoto waliugua kwa bakteria wa O157 waliotokana na chakula cha shule, na baadhi walifariki. Tangu hapo masharti yamekazwa sana: joto la chakula hupimwa hadi katikati ya kipande, hata mboga nyingi za saladi huchemshwa kwanza, sampuli ya kila chakula hugandishwa na kuhifadhiwa wiki mbili, na mkuu wa shule huonja kabla ya mwanafunzi yeyote. Kupika kitamu ndani ya masharti hayo kunahitaji mtu anayeipenda kazi yake.

Kisha watoto wenyewe, wakiwa wamevaa makoti meupe na kofia, hubeba vyombo hadi darasani na kuwapakulia wenzao. Mwalimu anakula nao. Mwaka 2005 ilipitishwa sheria ya elimu ya chakula, na mwaka huohuo wakaanza kuajiriwa walimu wa lishe, ambao hupanga mlo na kuwaeleza watoto gimbi hili limetoka shamba gani na kwa nini wazee wa hapa walikula hivi. Nyumba nyingi zimeacha kupika vyakula hivyo. Kwa watoto wengi, sufuria ya shule ndiyo inayowakutanisha navyo kwa mara ya kwanza.

Kwangu mimi, mpishi huyo ni mwalimu kamili. Jina lake listahiwe, na libandikwe ukutani pamoja na majina ya walimu wengine.