Herufi za Kukatwa na Mwanga wa Mgongoni

Bango la taa lina kazi mbili: kusomeka mchana kwa jua linalolipiga usoni, na kusomeka usiku kwa taa zilizo mgongoni mwake. Mabango mengi yaliyopangana kando ya Barabara ya Namanga, kuanzia Kitengela hadi Kajiado mjini, huifanya ile ya kwanza tu. Saa sita mchana duka la dawa, bucha, saluni na duka la vifaa vya ujenzi yote yanavutia. Giza likiingia na stima ikiwashwa, nyekundu iliyokuwa kali inapauka, nyeusi inageuka kahawia, na jina la biashara linapotelea ndani ya weupe wa boksi. Lawama huangukia taa, au fundi wa umeme. Mara nyingi kosa lilitendeka mapema zaidi, kabla boksi halijachomelewa, pale mwenye duka alipoulizwa kama uso wa bango uchapishwe kwa printa au herufi zikatwe kwenye vinaili yenye rangi yake, naye akajibu kwa kuangalia bei. Mimi nashikilia kwamba maandishi ya bango la taa yanastahili kukatwa. Kazi ya kukata, ambayo wateja wengi huiona ya kizamani, ndiyo inayouheshimu mwanga.

Sababu yake haihitaji maabara. Mchana, mwanga wa jua hupenya wino, hufika kwenye perspeksi nyeupe iliyo nyuma, kisha hurudi machoni kwa kupitia wino uleule mara ya pili. Rangi tunayoiona imechujwa mara mbili. Usiku mwanga hutoka ndani na kupita kwenye wino mara moja tu, kwa hiyo wino uliotosha mchana unakuwa haba. Tena printa nyingi hazina nyekundu wala kijani ndani yake. Hupanga vitone vya samawati, waridi, manjano na nyeusi, na jicho ndilo linalovichanganya. Taa ikikaa nyuma, weupe hujipenyeza kati ya kitone na kitone na kuiharibu hesabu hiyo. Vinaili iliyotengenezwa kwa ajili ya mabango ya taa hufuata njia nyingine kabisa: rangi huchanganywa ndani ya plastiki yenyewe, na kiwanda hupima kiasi chake ili sura ya mchana na ya usiku zikaribiane. Nasisitiza hayo maneno “kwa ajili ya mabango ya taa”. Vinaili ya kawaida, ile ya kubandika kwenye magari na milango ya maduka, imejazwa rangi ili izibe kilicho nyuma yake. Ukiikata herufi nyekundu ukaibandika kwenye boksi, usiku itaonekana nyeusi, au wekundu mchafu usio na jina. Fundi asiyezitofautisha hizo mbili simtetei.

Wanaofanya kazi na mwanga walilijua jambo hili kabla ya plastiki kuwapo. Katika Kaunti hii hii ya Kajiado, ng'ambo ya kusini ya Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi, ipo karakana ya Kitengela Glass, iliyoanzishwa na msanii Nani Croze zaidi ya miaka 40 iliyopita, ambako vioo vya rangi hugeuzwa kuwa madirisha kwa kuunganisha kipande na kipande. Madirisha ya kanisa kuu la Chartres nchini Ufaransa, mengi yakiwa ya karne ya 12 na ya 13, yalitengenezwa kwa wazo hilohilo: madini yaliyeyushwa ndani ya kioo, kobalti ikazaa buluu, shaba ikazaa nyekundu, na kila rangi ikakatwa mahali pake. Kuanzia karne ya 16 mafundi wa Ulaya walizidi kupaka rangi za enameli juu ya kioo cheupe. Picha zikapata mambo madogomadogo ambayo hazikuweza kuwa nayo awali, lakini mwanga ukafifia, na mahali pengine rangi ikabambuka. Sidai kwamba bango la bucha ni dirisha la kanisa kuu. Nasema tu kwamba suala la rangi kuwa ndani au kuwa juu limekwisha kujaribiwa kwa karne kadhaa, na matokeo yake yanaonekana.

Halafu kuna jua. Kitengela iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, karibu kabisa na ikweta, na barabara yake kuu hushuka kutoka kaskazini kwenda kusini. Maana yake ni kwamba maduka yanayoitazama barabara yanatazama mashariki au magharibi, na kila uso wa bango hupigwa na jua la asubuhi au la alasiri mwaka mzima, bila msimu wa kupumzika. Ongeza vumbi la uwanda na la viwanda vya saruji vya Athi River, ambalo mwenye duka hulipangusa kwa kitambaa kikavu kila wiki, akiukwaruza wino pole pole. Kwa wino, waridi na manjano hutangulia kufa. Ndiyo maana mabango ya zamani ya kuchapishwa hubaki na usamawati mgonjwa, hata kuku wa kukaanga akaonekana kama amefufuliwa vibaya. Vinaili ya rangi nayo huchakaa, na watengenezaji wenyewe hupunguza miaka ya dhamana kwa nchi za jua kali. Lakini huchakaa taratibu, na rangi moja haiwezi kumkimbia mwenzake kwa kuwa ni rangi moja.

Mashine za kompyuta za kukata herufi za mabango zililetwa sokoni na kampuni ya Gerber ya Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1980, nazo ziliwapunguzia sana kazi wachoraji wa brashi. Leo zenyewe ndizo zinazodharauliwa. Inasahaulika kwamba mashine hukata tu. Kazi iliyobaki ni ya vidole. Kisu lazima kipite kwenye vinaili bila kuitoboa karatasi ya chini, na fundi hukirekebisha kwa kukata mraba mdogo wa majaribio pembeni. Kisha huanza kung'oa yasiyotakiwa. Huinua pembe kwa ncha ya kisu, akaivuta taratibu huku ameilaza karibu na karatasi, kwa sababu akiivuta wima herufi nyembamba humfuata. Andika KITENGELA kwa herufi kubwa na utang'oa jicho moja tu, yaani nafasi iliyofungwa ndani ya herufi, la A. Andika KAJIADO na yatakuwa manne: A mbili, D na O. Jicho lililosahaulika mchana huweza kukwepa macho, ila usiku herufi huwa imezibwa. Ubandikaji nao hufanywa kwa maji yenye sabuni kidogo, mpira ukisukuma maji kutoka katikati kwenda nje, milango ikiwa imefungwa kwa sababu ya upepo. Chembe moja ya vumbi chini ya vinaili haionekani kwenye meza. Ikiwekwa mbele ya taa huwa nukta nyeusi. Vipande viwili vikipandana kwa milimita chache, usiku utaona mstari. Bango la taa humkagua fundi kila jioni.

Mpinzani atasema kwamba haya yote ni muda, na muda ni pesa. Ni kweli: printa hutoa uso mzima huku fundi akinywa chai, na vinaili ya mabango ya taa ni ghali kuliko stika ya kawaida, huku mabaki yake yakiishia pipani. Ila bei ya siku ya kwanza ndiyo peke yake inayolinganishwa. Boksi, taa, kibadilishi cha umeme, ngazi na ada ya bango inayotozwa na kaunti hugharimu vilevile kwa uso mzuri na kwa uso mbovu. Kuokoa kwenye ngozi ya juu pekee ni kuokoa mahali pasipofaa.

Pingamizi zito zaidi ni la picha. Hakuna kisu kitakachokata sahani ya nyama choma, sura yenye nywele zilizosukwa, au nembo ambayo buluu yake inayeyuka na kuwa kijani. Hapo printa haina mshindani, na uchapishaji wenyewe umeendelea: wapo wanaopitisha wino mara mbili, wanaotumia filamu maalumu ya mabango ya taa, wanaoweka tabaka la wino mweupe katikati, na wanaofunika kazi kwa plastiki ya kuzuia jua. Kazi kama hiyo naiheshimu. Lakini sioni kwa nini picha ilazimishe maneno kuchapishwa pamoja nayo. Mafundi makini huchapisha picha kwenye filamu yake, kisha hukata jina la biashara kwa vinaili na kulibandika mahali palipoachwa wazi. Wengine hufunika uso wote kwa rangi nzito na kuzitoa herufi, ili usiku jina pekee liwake jeupe na boksi lililobaki lipoe. Njia hii ya pili huficha hata taa zilizopangwa vibaya, kwa kuwa madoa ya mwanga hayapati nafasi ya kuonekana.

Liko pia suala la kubadilisha. Namba ya simu au ya till ikibadilika, uso uliochapishwa hubadilishwa wote. Herufi zilizokatwa hupashwa moto kidogo, hubanduliwa, gundi ikasafishwa, na namba mpya ikakaa mahali pale. Tatizo ni kwamba namba mpya itang'aa kuliko jina lililokwisha kupigwa na jua kwa miaka 3, na mteja atalalamika. Kwa hiyo ni busara namba ikae kwenye ukanda wake chini ya bango, kwa rangi tofauti na jina, ili siku ikibadilishwa upya wake usimshitaki jirani yake.