Fundi wa Mapazia
Kitale iko juu, kama mita 1,900, na jioni zake ni za sweta. Bungoma iko chini zaidi, na jua la Januari huko halina mzaha. Fundi wa mapazia anayeshonea miji yote miwili huuliza kwanza dirisha linaangalia wapi. La magharibi hulitilia bitana nzito, la sivyo sebule ya mabati itatokota hadi usiku. Hupima upana juu na chini, maana kuta zetu nyingi (tusidanganyane) hazikunyooka, kisha hukata kitambaa maradufu ili marinda yakae. Pindo huliacha kubwa: pamba ikifuliwa hunywea. Mteja hubishania bei ya mita. Saa za kushona bitana hakuna anayeziulizia.