Kinanda au Kompyuta

Msomaji, ukivuka Likoni ukashika njia ya kusini, ukapita Ukunda na Diani hata ukafika Msambweni, utasikia muziki wa umeme wa namna mbili. Katika hoteli za ufukweni na katika arusi, aghalabu mtu mmoja huketi nyuma ya kinanda cha umeme akafanya kazi ya bendi nzima. Katika chumba cha kurekodia, kijana mwingine hukikodolea macho kioo cha kompyuta, akaupanga wimbo kipande kwa kipande. Kijana anayeanza leo, mwenye fedha za kununulia chombo kimoja tu, hana budi kuchagua njia moja katika hizo mbili. Uchaguzi huo si mwepesi, maana akikosea atakaa miaka na chombo kisichosema anachotaka kusema.

Kwanza tuuweke kando upya wa chombo. Mtambo wa ngoma wa Roland TR-808 ulitokea Japani mwaka 1980. Sauti zake hazikufanana sana na ngoma za kweli, watu wengi wakaudharau, na mwaka 1983 ukaacha kutengenezwa. Mitambo hiyo ikauzwa kwa bei ya mtumba. Na vijana wa Chicago na Detroit, ambao hawakuwa na fedha nyingi, wakaitumia kuunda muziki wa hausi na tekno. Walizipenda sauti zile kama zilivyokuwa, wala hawakuzidai zifanane na ngoma. Mimi naona sikio lao lilikuwa bora kuliko sikio la waliozidharau.

Mfano ulio karibu nasi zaidi uko Dar es Salaam. Wadigo wanakaa pande zote mbili za mpaka wa Lunga Lunga, na nyimbo huvuka mpaka huo pamoja na watu. Huko kuna santuri mbili zinazofaa kulinganishwa. Moja ni Bongo Hotheads ya kundi la Jagwa Music, iliyotolewa mwaka 2012. Huo ni mchiriku, muziki uliozaliwa katika ngoma za arusi za Wazaramo, nao hupigwa kwa vinanda vidogo vya Casio ambavyo watu wengine huwanunulia watoto. Sauti ya kinanda hupitishwa katika vipaza sauti vichovu hata ikapasuka. Sifa yake kubwa ni kwamba mpigaji husikiliza: mwimbaji akirefusha neno, kinanda humngojea, ngoma zikipanda, nacho hupanda. Upungufu wake ni uchache wa sauti. Mimi hufika mwisho wa santuri hiyo nimechangamka, lakini sikio limechoka.

Ya pili ni Sounds of Sisso, iliyotolewa na Nyege Nyege Tapes ya Kampala mwaka 2017, mkusanyo wa kazi za singeli za studio ya Sisso iliyoko Mburahati. Hapa kompyuta ndiyo fundi. Vipande vya sauti hukatwa, huharakishwa na kurudiwa kwa mwendo unaopita mapigo 200 kwa dakika, mwendo ambao vidole havingeweza kuudumisha. Ni kazi ya ujasiri, nami naihesabu kuwa ya juu kuliko ile ya kwanza kwa ubunifu. Walakini mdundo ukishapangwa hauna masikio: mwimbaji ndiye anayeufuata.

Sasa turudi Kwale na tutazame sengenya, ngoma ya Wadigo na Waduruma. Ngoma kadhaa hupigwa pamoja, na juu yake hulia nzumari. Kinanda cha kawaida huugawa mwendo wa kutoka do ya chini hadi do ya juu vipande 12 vilivyo sawa. Sauti nyingi za nzumari huangukia katikati ya vipande hivyo, tena huteleza kwa pumzi ya mpulizaji. Vipo vinanda vilivyotengenezwa kwa ajili ya muziki wa Kiarabu, vyenye vitufe vya kuishusha sauti robo; hivyo vyafaa sana kwa taarabu. Lakini robo nayo ni ngazi, na nzumari haipandi ngazi. Kompyuta haina haja ya kuiiga: kwa kipaza sauti kimoja humrekodi mpulizaji mwenyewe, akalipwa haki yake, na kila sauti ikabaki mahali ilipolia.

Lakini kompyuta ina kasoro moja inayowasumbua wapigaji. Huipima sauti mara 44,100 kwa sekunde. Na ikikusanya vipimo 512 kabla ya kuvipeleka mbele, imekwisha chelewa sekunde 0.012 hivi. Kuingia na kutoka ni mara mbili ya hapo. Katika wimbo wa mapigo 240 kwa dakika, robo ya pigo ni sekunde 0.0625 tu, kwa hiyo zaidi ya theluthi yake imepotea. Mpiga ngoma hodari huligundua jambo hilo mara moja, naye hukasirika. Vipimo hivyo vinaweza kupunguzwa katika programu, lakini kompyuta dhaifu hapo huanza kukwaruza.

Chumvi ya bahari haina upendeleo; huila mitambo yote. Umeme ukikatika, kinanda kidogo huendelea kwa betri na kompyuta ya kupakata huendelea kwa saa kadhaa, ila spika hukata roho pamoja na nyumba nzima.

Kwa anayetaka kula kwa arusi na hoteli, nasema anunue kinanda, kwa sababu bibi arusi akichelewa kutoka wimbo lazima urefushwe papo hapo. Kwa anayetaka kuipeleka sengenya mahali ambapo haijafika, anunue kompyuta iliyotumika na kipaza sauti kizuri, na aziache zile midundo zilizokwisha tengenezwa ambazo huja pamoja na programu, maana hizo zimo katika nyimbo za watu elfu. Baadaye akipata fedha za kinanda, akitazame mgongoni kabla ya kulipa. Tangu mwaka 1983 vinanda vingi vimewekewa njia iitwayo MIDI, tundu la duara lenye matundu madogo matano, na vya siku hizi hutumia tundu la USB. Kinanda chenye njia hiyo huweza kuiamuru kompyuta. Vile vidogo vya bei rahisi kabisa mara nyingi havina.