Grabu Isiyolokiwa Nayo Hubeba

Grabu, kifaa cha meno na taya kinachofungwa mbele ya loda ya trekta, ikiwa loki zake hazijaingia inaweza kunyanyua gogo, ikalipeleka hadi mwisho wa shamba na kurudi kuchukua jingine, dereva asihisi lolote. Ndiyo maana ni hatari kuliko ile inayodondoka papo hapo. Ukitaka kujua linawezekanaje, fuatilia uzito unavyopita kwenye mabamba mawili yanayokutana mbele ya mikono ya loda. Ukishaliona hilo, utakubali pia kwamba kufunga grabu ni kazi ya macho kuliko ya misuli.

Mabamba hayo hayakubuniwa kwa ajili ya trekta. Mwaka 1957 ndugu wawili, Cyril na Louis Keller, walitengeneza huko Minnesota, Marekani, loda ndogo ya magurudumu matatu ya kusafishia mabanda ya batamzinga. Kampuni ya Melroe ya North Dakota ikaichukua mashine hiyo na kuiendeleza hadi ikapata jina la Bobcat, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 ikawekewa mfumo wa kubadilisha vifaa bila kugongagonga pini kwa nyundo. Wengine wakauiga, ukaishia kuwa kiwango cha kimataifa, ISO 24410. Leo loda nyingi za matrekta madogo ya soko la Marekani hutumia bamba la aina hiyo.

Bamba la upande wa loda lina ukingo wa juu ulioinama. Bamba la mgongo wa grabu lina mdomo uliokunjwa, unaokalia ukingo huo. Chini ya mgongo huohuo kuna matundu mawili, na loda ina pini mbili zenye ncha ya mshazari zinazosukumwa ndani ya matundu kwa mikono miwili ya chuma yenye springi. Dereva hulaza bamba mbele, husogea polepole mpaka ukingo uingie chini ya mdomo, kisha hukunja nyuma ili grabu iinuke kidogo na migongo igusane sawasawa. Hapo huzima injini, hushuka na kubonyeza mikono yote miwili.

Sasa tazama nguvu. Kitovu cha uzito wa grabu kiko mbele ya bamba, kwa hiyo ukinyanyua mzigo, grabu hutaka kuinamia mbele. Sehemu yake ya juu huvuta kuondoka kwenye loda, na mdomo ule huizuia. Sehemu ya chini hugandamizwa kwenye bamba la loda na kukaa palepale. Pini hazina kazi kubwa hapo. Grabu imening'inia kwa mdomo wa juu kama koti kwenye msumari, na itakaa hivyo hata kama pini zimebaki nje kabisa. Mambo hugeuka dereva anapokandamiza meno ardhini, anapoburuta takataka kwa kurudi nyuma, au anapoinamisha grabu kabisa ili kumwaga. Nguvu inabadili upande, sehemu ya chini inataka kufunguka, na kilichobaki cha kuizuia ni zile pini mbili tu. Kama hazikuingia, grabu ya kilo mia mbili na zaidi inachomoka, na mara nyingi huchomoka ikiwa juu, kwa kuwa ndiko kunakomwagiwa mzigo.

Kwa hiyo mkono wa loki uliolala chini si ushahidi. Unaweza kulala huku ncha ya pini imegota pembeni mwa tundu, au imesimama juu ya udongo ulioshindiliwa humo tangu kazi ya jana. Ushahidi ni ncha yenyewe ionekane imetokeza upande wa pili wa tundu, kulia na kushoto. Baada ya kuiona, jaribio moja linatosha: rudi kwenye kiti, elekeza meno chini, yakandamize ardhini taratibu mpaka magurudumu ya mbele yaanze kupungukiwa na uzito. Jaribio hilo linaamsha nguvu ileile inayofungua. Wanaojaribu kwa kuinua na kutikisa wanapima mdomo wa juu, sehemu ambayo haikuwa na tatizo.

Grabu inazionea loki kuliko kijiko cha kawaida. Meno yake hufika mbali zaidi mbele, na dereva hushawishika kung'olea kisiki kwa jino moja la pembeni. Hapo pini ya upande mmoja hubeba karibu kila kitu na mikono ya loda hujipinda. Kuna pia suala la matawi. Anayesafisha vichaka vya mathenge Baringo au Tana River ajue kwamba tawi gumu linaloteleza nyuma ya grabu linaweza kuunasa mkono wa loki na kuuinua. Springi iliyochoka haitaurudisha. Pini ikilika mpaka bamba likacheza, badilisha pini. Kuijaza kwa kuchomelea kisha kuisaga kwa jicho kunabadilisha mshazari wake, na mshazari ndio unaovuta mabamba mawili yakakazana.

Ulaya walikwenda njia nyingine. Loda zao nyingi zina ndoano mbili juu na pini za kulala chini, kwa kufuata kiwango cha ISO 23206. Trekta lililotumika likiletwa kutoka huko pamoja na loda yake, halafu grabu ikaagizwa kwingine, haviingiliani, na muuzaji atakuuzia adapta. Adapta nzuri hufanya kazi, ila inakula uwezo mara mbili: ina uzito wake, na inausogeza mzigo mbele. Chukua mfano wa loda inayonyanyua kilo 800 kwenye pini za mbele. Toa grabu ya kilo 230 na adapta ya kilo 70, zinabaki 500, tena za kwenye karatasi tu, kwa sababu gogo halikai kwenye pini. Ndiyo maana watengenezaji makini huandika pia uwezo wa milimita 500 mbele ya pini. Hiyo ndiyo namba ya kununulia.

Upande wa mafuta ya haidroliki una fujo zaidi. Loda ya kawaida ina kazi mbili, kupandisha na kukunja, na grabu inadai ya tatu. Unaweza kuvuta mipira kutoka valvu za nyuma ya trekta, njia rahisi inayomfaa mtu wa kazi chache. Unaweza kuweka valvu ya kugeuza njia ya mafuta ya kukunja, ila ukiwa unafunga taya huwezi kukunja wakati huohuo. Au unaweka valvu ya tatu inayowashwa kwa kitufe kwenye mkono wa kuongozea, na hii ndiyo inayoharibiwa zaidi wakati wa kufungwa. Kwenye matrekta ambayo pampu inazungusha mafuta muda wote, valvu hiyo ina njia tatu: mafuta yanayoingia, yanayoendelea kwenda valvu zinazofuata, na yanayorudi kwenye tangi. Fundi akichanganya mbili za mwisho, shinikizo linajaa mahali pasipojengwa kulibeba, na sili zinapasuka. Grabu inaweza hata kufanya kazi kwa muda kabla ya hapo, jambo linalomfanya fundi aapie kazi yake.

Mipira ipimwe grabu ikiwa tupu: pandisha, kunja hadi mwisho, mwaga hadi mwisho, fungua taya, funga taya, ukisimama kila hatua kutazama. Unatafuta mpira unaonyooka kama uzi au unaobanwa kati ya taya na fremu. Mvujo utafutwe kwa kipande cha boksi, kamwe si kwa kidole. Mafuta ya shinikizo la baa 150 na zaidi hupenya ngozi kwa tundu dogo kama la sindano, na mkono uliopenywa ni wa kukimbiziwa hospitali saa hiyohiyo hata kama hauumi. Kama utabeba magogo, lipia valvu ya kuzuia mafuta kutoka kwenye silinda ya taya, ili mpira ukipasuka taya isiachie gogo likabingirika juu ya mikono ya loda kumfuata dereva.

Uzito wa nyuma hauna mjadala. Bila kitu kizito kwenye mikono mitatu ya nyuma, mzigo wa mbele hulipunguzia gurudumu la nyuma mshiko na hubebesha ekseli ya mbele yote. Beba chini, funga mkanda, acha fremu ya kukinga dereva ikiwa imesimama.

Wakati wa kuvua, laza grabu ardhini taya ikiwa imefungwa, zima injini, washa ufunguo bila kuwasha injini, kisha cheza na kitufe na mkono wa kuongozea mpaka shinikizo litoke. Mipira itangulie kutoka, loki zifuate. Ziba midomo ya kapulingi na uiache grabu kivulini, kwa sababu mafuta yaliyonaswa yakipigwa na jua hutanuka na kapulingi hukataa kuingia kesho yake. Ikikataa, ipe muda ipoe. Ukiigonga kwa nyundo utaharibu uso wake, na itavuja kila siku ya kazi.